André Citroën: Ndai ya Ndoto Zake Ilimwacha Sota

Ukibebwa na Mercedes ya mdosi kutoka Meru kwenda Embu, cheki chini katikati ya kiti cha nyuma. Kile kinundu kinachokunyima pa kuweka miguu ni njia ya propela, juu magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma.

André Citroën, msee wa Paris aliyezaliwa 1878, alitaka kinundu kiishe. 1934 akatoa Traction Avant, inayovutwa na magurudumu ya mbele. Propela ikatoka, sakafu ikawa tambarare, bodi ikashuka. Kwa kona kama za Nithi, ndai ya chini hailali upande ovyo, na uzito wa mbele unafanya tairi zinazovuta zishike lami. Mercedes na BMW kubwa bado husukuma kwa nyuma, ndio mbele ishughulike na usukani. Hiyo bifu haijaisha.

Shida ilikuwa doh. Alikuwa amebomoa kiwanda akakijenga upya kwa madeni, na ndai za kwanza zikaanza kuharibika. Desemba 1934 kampuni ikafilisika, Michelin wa tairi wakaichukua. Julai 1935 saratani ya tumbo ikamuua. Traction? Ilitengenezwa hadi 1957.