Msiri wa Bunkeya na revolva ya kapiteni Bodson

Kila tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka mwami wao wa kwanza. Bunkeya iko katika jimbo letu la Lualaba, teritware ya Lubudi, lakini kuna watoto wengi hapa Dilala wanaofunga shule bila kujua nani alikufa siku hiyo na namna gani.

Jina lake la kuzaliwa ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu mwaka 1830, upande wa Tabora, inchi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba, na msafara wa shaba njo ulimfikisha kijana huyu Katanga, kati ya miaka ya 1850. Alikuja na kitu ambacho machifu wa huku walikuwa hawajakizoea: bunduki. Hazikuwa nyingi. Lakini penye mishale na mikuki, bunduki chache zinatosha kumfanya mgeni kuwa mkubwa. Kidogo kidogo akachukua ardhi, akaita watu wake Bayeke, akaita inchi yake Garenganze, na watu wakamwita Msiri.

Kwa miaka karibu thelathini hakuna msafara uliopita Katanga bila yeye kujua. Shaba, chumvi, pembe za tembo na watumwa vilitoka Bunkeya kwenda magharibi mpaka Benguela, pwani ya Angola, na mashariki mpaka pwani ya Waswahili. Vilivyorudi vilikuwa nguo, shanga, na zaidi ya yote bunduki na baruti. Alioa wake mamia, mmoja wao Maria de Fonseca, mwenye damu ya Kireno, juu ya kufunga urafiki na watu wa biashara ya magharibi. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika mwaka 1886 alikuta mzee mwenye heshima. Alikuta pia vichwa vya watu vimechomekwa kwenye miti ya boma. Hilo pia tuliseme. Basanga, wenye migodi ya shaba, walilipa sana utawala ule, na mwishowe wakaasi. Uasi ukafunga njia za misafara, baruti ikawa haba. Mwami aliyejenga kila kitu juu ya bunduki akaanza kuishiwa na kitu cha kutia ndani yake.

Hapo ndipo wazungu walifika, mmoja nyuma ya mwingine. Mwezi wa Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe aliomba mkataba, akakataliwa. Mwaka 1891 alipita Paul Le Marinel, kisha Alexandre Delcommune, wote kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri aliwasikiliza, ila bendera akaikataa. Tarehe 14 Desemba akafika kapiteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, naye akitumikia Leopold, pamoja na mamia ya wapagazi na askari kutoka upande wa Zanzibar. Msiri alitaka baruti, Stairs alitaka bendera. Tarehe 19 bendera ikapandishwa bila ruhusa, na usiku Msiri akahamia Munema, kijiji chenye boma, pembeni ya mji.

Kesho yake Stairs aliwatuma kapiteni Omer Bodson na Christian de Bonchamps na askari karibu mia moja kumkamata. Bonchamps alibaki nje. Bodson akaingia na watu kama kumi tu, akiwa na revolva yake.

Silaha hii inahitaji kuelezwa. Gobore za walinzi wa Msiri zilipiga mara moja; kisha mtu atie baruti, atie risasi, ashindilie, alenge tena. Revolva ilipiga risasi yake moja baada ya nyingine bila kujazwa. Na ilikuwa na njia mbili. Mtu angeweza kurudisha nyundo kwa kidole gumba mpaka ishike, kisha kifyatulio kikawa chepesi, kinaguswa tu. Ao angevuta kifyatulio chenyewe kutoka mwanzo, mvuto mrefu na mzito, kwa sababu huo ndio unaozungusha silinda na kupandisha nyundo. Kwa mtu anayebeba silaha kati ya watu, ule uzito unamsaidia: kidole chenye woga bado kina nafasi ya kusita.

Lakini Munema nafasi ya kusita ilikuwa imeisha mbele ya Bodson kushika revolva. Kuingia na watu kumi katika lupango la mwami aliyezungukwa na walinzi, na kumwambia mzee wa miaka karibu sitini kwamba amekamatwa mbele ya watu wake, hapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Kwa masimulizi ya wazungu, Msiri alichomoa upanga na Bodson akapiga. Msiri akaanguka. Masuka, mtu wa jamaa yake, akampiga Bodson tumboni, na mkalimani Hamadi akajeruhiwa pia. Bodson naye akafa. Bayeke wanasema mwami wao alikatwa kichwa; katika msafara wenyewe hawakusimulia jambo hilo sawasawa.

Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, akakubali bendera na akabakiziwa inchi ndogo kuliko ya baba yake. Stairs hakufurahia ushindi: Juni 1892 homa ilimuua Chinde, pwani ya Msumbiji, akiwa na miaka 28. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière, na shaba ambayo Msiri aliiuza kwa baruti ikaanza kutoka kwa njia nyingine.