Parker na saksafoni ya plastiki

Wako vijana wanaodhani kwamba asiye na ala ya bei ghali hawezi kuwa mwanamuziki. Wangemtazama marehemu Charlie Parker, Mmarekani mweusi aliyezaliwa jimboni Kansas mwaka 1920, akakulia Kansas City, Missouri. Mwaka 1936 alithubutu kupiga saksafoni mbele ya magwiji wa jazi mjini humo, akapotea katikati ya wimbo. Mpiga ngoma Jo Jones akamtupia toazi miguuni, naye akaondoka huku akichekwa. Hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi katika milima ya Ozarks, akachukua santuri za Lester Young na kuzifuatisha sauti kwa sauti hadi zikamkaa vidoleni. Aliporejea hakuwa tena yule waliyemcheka.

Kilichommaliza ni heroini, aliyoizoea angali kijana. Mara kadhaa aliiweka saksafoni rehani ili ainunue. Mei 1953, mjini Toronto, Kanada, alipanda jukwaani na Grafton ya plastiki (naam, plastiki!), na rekodi ya usiku ule ingali inasikilizwa. Alifariki New York tarehe 12 Machi 1955, akiwa na umri wa miaka 34. Plastiki ile iliuzwa mnadani London mwaka 1994 kwa zaidi ya pauni 90,000.