Weston Price: Tabibu wa Meno Aliyeushuku Unga Mweupe

Mnamo mwaka 1935, tabibu wa meno mwenye umri wa miaka sitini na ushei alitia nanga Mombasa baada ya kusafiri kutoka Port Said kwa njia ya Bahari ya Shamu. Jina lake lilikuwa Weston Price. Ng'ambo ya kisiwa, Nyali ya zama hizo ilikuwa ardhi ya mkonge na minazi, na daraja lake lililoelea majini lilikuwa na miaka 4 tu tangu lifunguliwe. Maduka makubwa yanayouza unga mweupe na mafuta ya kopo hayakuwapo. Price hakukaa pwani. Alishika njia ya bara. Hata hivyo, suala alilokuja nalo ndilo linalozikabili jiko za Nyali hadi leo: je, chakula kilichokobolewa na kusafishwa kiwandani ni bora kuliko kile cha wahenga?

Price alizaliwa Newburgh, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1870. Alihitimu udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, kisha akafanya kazi Cleveland, Marekani, kwa miaka mingi. Umaarufu wake wa awali ulitokana na nadharia kwamba jino lililotibiwa mzizi huusumisha mwili mzima. Nadharia hiyo ilisababisha meno mengi kung'olewa, na baadaye utafiti ukaibatilisha. Haifai kulificha jambo hili, maana baadhi ya wanaomsifu hulipita kimyakimya.

Tangu mwaka 1931 alianza kuzuru jamii zilizokuwa mbali na maduka. Katika bonde la Lötschental, Uswisi, aliwakuta watu waliokula mkate wa shayiri nyeusi na jibini, nao meno yao yalikuwa mazima. Kwa hiyo wale wanaomtaja Price ili kuikataa nafaka yoyote ile wanamsingizia. Alichokishuku ni nafaka iliyovuliwa ganda na kiini chake. Kwa lugha ya kwetu, ugomvi wake ulikuwa na sembe, si dona.

Nchini Kenya alitanguliwa na Gilks na Orr, ambao mwaka 1931 walichapisha ulinganisho wa Wamaasai na Wakikuyu. Price naye alichungulia vinywa na kuhesabu. Miongoni mwa Wamaasai 88, waliotegemea maziwa, nyama na damu, aliona meno 10 tu yaliyooza kati ya 2,516. Kwa Wakikuyu 33, ambao walikula zaidi nafaka, viazi na maharage, yaliyooza yalikuwa 57 kati ya 1,041. Tarakimu hizi alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1939, pamoja na picha nyingi za nyuso.

Lakini kwa wasomaji wa pwani, ushahidi wake wenye uzito zaidi ulitoka visiwa vya Pasifiki, alikozuru mwaka 1934. Alieleza kwamba bei ya nazi kavu ilipopanda, wafanyabiashara waliwalipa wenyeji kwa unga mweupe na sukari, na meno yakaoza. Bei ilipoanguka, meli zikaacha kuja, wenyeji wakarejea kwenye samaki na nazi zao, na uozo ukakoma. Nazi yenyewe haikuwa mshitakiwa.

Price alifariki dunia mwaka 1948, kabla ya kampeni kubwa dhidi ya mafuta mazito kuanza. Mwaka 1961 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kiliwashauri watu wayapunguze mafuta hayo, na tui likaingia katika orodha ya washukiwa. Utafiti wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba walaji wakubwa wa nazi walikuwa na lehemu ya juu kiasi, ilhali maradhi ya mishipa yalikuwa machache. Kwa upande mwingine, majaribio yaliyojumuishwa mwaka 2020 yalithibitisha kuwa mafuta ya nazi yaliyokamuliwa huongeza lehemu mbaya yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyoganda. Tui la kupikia samaki na mchicha si sawa na mafuta ya chupa, wala mvuvi si sawa na karani akaaye kitini kutwa.

Kasoro za Price ni dhahiri. Aliwapima waliokuwa hai bila kuwahesabu watoto waliozikwa. Aliwatazama wenyeji kwa jicho la zama za ukoloni. Na alihusisha na chakula mambo ambayo huenda yalitokana na sukari pekee, au na umaskini. Mwaka 1999 jumuiya yenye jina lake iliasisiwa Marekani, nayo hutetea siagi na maziwa mabichi kwa ari ambayo hesabu zake za meno haziwezi kuibeba. Ila kuhusu unga uliokobolewa na sukari, madaktari wengi wa leo wamesimama karibu na pale alipokuwa amesimama yeye.