Wasifu wa Daniel Owino Misiani, Malenga wa Benga

Miongoni mwa watunzi wa nyimbo waliolimudu fumbo katika Afrika Mashariki, Daniel Owino Misiani ana nafasi ya pekee. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 kijijini Nyamagongo, Shirati, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara, Tanzania. Kaskazini mwa hapo, mwendo usio mrefu, unapita mpaka waliouchora Waingereza na Wajerumani, ukawatenga Waluo wa Shirati na ndugu zao wa Migori na Homa Bay. Lugha ni moja na ziwa ni moja. Serikali ni mbili.

Familia yake ilishika dini, na gitaa halikupendwa nyumbani. Katika miaka ya 1960 Misiani alihamia Kenya, akaunda bendi iliyobadili majina mara kadhaa kabla ya kuvuma kama Shirati Jazz. Neno jazz lisimpotoshe msomaji. Enzi hizo, kama ilivyokuwa kwa Morogoro Jazz na Western Jazz, lilimaanisha bendi ya dansi tu. Alichopiga Misiani ni benga, ambamo gitaa hujibizana na mwimbaji kwa namna inayokumbusha nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane.

Mwaka 1989 albamu ya Benga Blast! ilitolewa Uingereza, na ughaibuni akaitwa babu wa benga. Nchini Kenya aliitwa Mfalme wa Historia. Tofauti ya lakabu hizo ina maana: asiyejua Dholuo alisikia mdundo, anayeijua alisita katikati ya hatua za dansi ili asikilize. Misiani alichota visa vya Biblia na vya wanyama, akawasema watawala bila kuwataja. Katika Bim en Bim, jazanda yake ni nyani, mnyama ambaye wasikilizaji walimfahamu tangu ngano za utotoni.

Fumbo hilo halikuwa pambo la fani. Aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka angeweza wakati wowote kuambiwa arudi kwao, ingawa machoni pa mashabiki wake wa Migori hapo palikuwa kwao vilevile. Wala fumbo halikumkinga siku zote, kwani alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja, na akitoka aliendelea kutunga.

Alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66.