Denis Burkitt, tabibu wa jicho moja aliyeifuata saratani ya watoto kutoka Mulago

Siku hizi habari za saratani zinazomfikia msomaji, awe Doha, London au Dar es Salaam, ni za chembechembe ndogo mno za chuma zenye nguvu ya sumaku. Huingizwa mwilini ili uvimbe uonekane vizuri zaidi katika picha, au hupashwa moto kwa sumaku iliyo nje ya mwili ili seli za saratani zife. Nchini Ujerumani tiba ya namna hiyo imekwisha kutumiwa kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Ni habari njema. Hata hivyo, moja ya safari kubwa za kuitafuta na kuitibu saratani ilianzia kwetu Afrika Mashariki, ikaongozwa na mtu aliyekuwa na gari kuukuu, kamera na karatasi za maswali.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni huko Afrika Magharibi alikataliwa, kwa sababu ya jicho lile. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Miaka miwili baadaye alihamia hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yamelegea. Jipu halitokei sehemu nne kwa pamoja, na saratani nayo haikujulikana kufanya hivyo. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa Jinja kikazi. Alipotazama nje ya dirisha la hospitali akamwona mtoto mwingine, amekaa na mama yake, uso wake una uvimbe ule ule. Alitoka mbio na kamera yake. Alipompima akakuta na tumbo limevimba pia.

Tangu hapo alianza kupekua mafaili ya Mulago, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo. Haki isemwe hapa: hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuacha kumbukumbu za wagonjwa wenye taya za namna hiyo. Na waliothibitisha kuwa ni saratani ya limfu ni wataalamu wa maabara wa pale pale Mulago, hasa Gregory O'Conor. Cha Burkitt kilikuwa kuuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: ugonjwa huu unaishi wapi, na wapi haupo?

Alituma karatasi za maswali pamoja na picha za wagonjwa katika mamia ya hospitali za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford na kuelekea kusini hadi Johannesburg. Wiki 10, maili 10,000, hospitali zipatazo 60. Waligundua kuwa ugonjwa unapatikana penye joto na mvua, na unatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Kwa ufupi, ulifuata ramani ya mbu. Unguja na Pemba zilileta utata, kwani huko kuna joto na mvua za kutosha lakini ugonjwa haukuonekana. Jibu lilikuja baadaye: visiwani malaria ilikuwa imedhibitiwa.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, ambaye mara moja alihisi kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege moja kutua Manchester, na sampuli ikachelewa. Ilipofika ilikuwa imechafuka kama maji ya mchele, lakini seli zake zilikuwa hai na zikakuzwa maabara. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo tunajua kuwa karibu watu wazima wote duniani wanacho. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayomdhoofisha mtoto hadi kirusi kipate nafasi ya kumdhuru.

Kuhusu tiba, Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikusaidia. Burkitt alijaribu dawa za kemikali, zikiwemo methotreksati na siklofosfamaidi, tena kwa dozi ndogo. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akajulikana upya kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye makapimlo, wazo alilolipata kwa kulinganisha milo ya Waafrika na ya Wazungu. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye saratani inayoitwa kwa jina lake hupona. Huku ilikogunduliwa idadi iko chini sana. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine hukatisha matibabu kwa kukosa nauli ya kurudi kuchukua dozi inayofuata.