John Kennedy na mgongo wake: kisu mara nne, na sindano juu yake

Kila tukimaliza kipindi cha afya, simu na ujumbe mfupi kuhusu mgongo haukosi. Mama aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni, kijana wa bodaboda anayeshinda juu ya barabara ya mashimo, fundi wa kuchimba visima. Wengi wanauliza dawa ya kuchua. Lakini lipo swali gumu zaidi, nalo hurudi kila baada ya miezi michache: mtu alishapasuliwa mgongo, akapata nafuu kidogo au hakupata kabisa, sasa maumivu yamerudi. Huku anaambiwa apasuliwe tena, kule anaambiwa achomwe sindano. Afuate lipi?

Sisi ni watangazaji, hatuwezi kumwamulia mtu juu ya mwili wake. Tulichoona kinafaa ni kukusimulia maisha ya mtu aliyesimama kwenye njia panda hiyo kwa karibu miaka 20, akiwa na fedha na madaktari wakubwa wa nchi yake, na bado mambo hayakuwa rahisi. Ni John F. Kennedy, rais wa 35 wa Marekani.

Wazee wetu wanalikumbuka jina hilo. Mwaka 1960, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za ndege za kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, alimfuata Kennedy nyumbani kwake, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Julai 1963 Mwalimu Nyerere alipokelewa naye Ikulu ya Washington. Picha za wageni wa miaka ile zinamwonyesha Kennedy kijana, mwenye tabasamu, mara nyingi ameketi kwenye kiti cha mbao cha kubembea. Watu walidhani kiti kile ni mtindo wake tu. Kumbe alikipenda kwa sababu ya mgongo.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, jimbo la Massachusetts, mtoto wa pili kati ya tisa wa tajiri Joseph Kennedy. Utoto wake ulikuwa wa kuugua mara kwa mara. Alipofika Chuo Kikuu cha Harvard mgongo nao ukaanza kumsumbua, na vita vilipokuja, jeshi la nchi kavu lilimkataa kwa sababu hiyo. Baba yake akatumia watu anaowajua, na jeshi la majini likampokea. Hapo tunaona jambo ambalo litamfuata maisha yake yote: maradhi yake yalifichwa ili aendelee mbele.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, katika Visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iliipasua katikati boti yake ndogo ya kivita, PT-109. Wawili katika watu wake walikufa. Kennedy alimvuta baharini mwenzake aliyeungua vibaya, mkanda wa boya la yule majeruhi akiwa ameuuma kwa meno, akaogelea kwa saa kadhaa hadi kisiwani. Waliokolewa siku chache baadaye kwa msaada wa wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliobeba ujumbe wake uliochongwa kwenye kifuu cha nazi. Kifuu hicho alikuja kukiweka juu ya meza yake Ikulu. Alirudi nyumbani shujaa, lakini mgongo ukiwa mbaya kuliko alivyoondoka.

Juni 1944 akapasuliwa kwa mara ya kwanza, mjini Boston. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo swali la wasikilizaji wetu linapoanzia.

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kisahani laini ambacho hospitalini hukiita diski. Kazi yake ni kupunguza mshtuko tunapotembea au kubeba mzigo. Kisahani hicho kikichanika, ute wake wa ndani hutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu, na hapo mtu husikia moto unashuka toka kiunoni, makalioni, hadi mguuni. Madaktari wa Kennedy walitarajia kukuta hali hiyo. Walipofungua, walikuta kisahani kilicholegea lakini hakijatokeza kama walivyotegemea. Waliondoa walichoona kibovu, wakafunga. Alipojaribu kusimama na kutembea, misuli ya mgongo ikakaza kwa maumivu makali, na nafuu aliyoahidiwa haikuja.

Kwa maneno mengine, huenda kilichotolewa hakikuwa ndicho kilichokuwa kinamuuma. Kwa maoni yetu, yote yaliyofuata miaka ile yalijengwa juu ya jambo hilo ambalo halikupata jibu.

Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mbunge. Mwaka uliofuata, akiwa London, akagunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison, yaani tezi mbili zilizo juu ya figo haziutengenezei mwili homoni zinazouwezesha kuhimili mshtuko na magonjwa. Mtu wa namna hii huishi kwa dawa kila siku, na upasuaji kwake ni hatari kubwa. Familia haikutangaza. Mwaka 1952 alishinda useneta akizunguka jimboni kwa magongo, ambayo aliyaficha kila alipokaribia watu.

Kufikia 1954 hakuweza tena. Madaktari wa Boston wakamshauri asiguse kisu, kwa kuwa Addison ingeweza kumuua. Wa New York wakawa tayari kujaribu. Alikuwa na miaka 37, ameoa mwaka mmoja tu uliopita, na alijua wazi kuwa huenda asiamke. Akachagua kisu. Tarehe 21 Oktoba 1954 akafanyiwa upasuaji wa kuunganisha mifupa ya chini ya mgongo kwa bamba la chuma na skrubu. Siku chache baadaye maambukizi yakaingia mwilini, akapoteza fahamu, na padri akaitwa kumpaka mafuta ya wagonjwa.

Hakufa. Lakini kidonda kilikataa kupona, na Februari 1955 wakamfungua mara ya tatu kutoa lile bamba. Katika miezi ya kulala kitandani akaandaa, akisaidiwa na msaidizi wake Ted Sorensen, kitabu kuhusu maseneta wenye ujasiri, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1957. Septemba mwaka huohuo wa tuzo alilazwa tena, usaha ukatolewa mgongoni pale pale palipopasuliwa. Hiyo ikawa mara ya nne.

Kuna jambo lilitushangaza tulipokuwa tukiandaa makala hii. Mwishoni mwa 1955 jarida la madaktari wa upasuaji wa Marekani lilichapisha habari za mgonjwa wa miaka 37 mwenye Addison aliyepasuliwa mgongo New York. Jina halikutajwa. Wapiga kura walipoambiwa mwaka 1960 kwamba mgombea huyu ni mzima wa afya, ukweli ulikuwa umeshachapishwa miaka mitano, ila hakuna aliyeunganisha nukta kwa wakati.

Sasa sindano. Mei 1955, akiwa amechoshwa na visu, Kennedy alipelekwa kwa daktari mwanamke, Janet Travell, wa New York. Travell alimpima kuanzia miguu, akagundua mguu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, akamwekea kipande cha kuinua kisigino ndani ya kiatu. Kiti cha kubembea kilitoka kwake pia. Na alimchoma prokaini, dawa ya ganzi ya jamii ile ambayo madaktari wa meno walikuwa wakiitumia, moja kwa moja kwenye misuli iliyokaza. Nafuu ilikuja haraka. Tunaweza kufikiria furaha ya mtu aliyeteseka miaka kumi na zaidi. Mwaka 1961 alimfanya daktari wake wa Ikulu, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Tatizo ni kwamba ganzi hupita. Mei 1961 Kennedy alipanda mti wa kumbukumbu mjini Ottawa, Kanada, akainama vibaya na sepetu mkononi, mgongo ukashtuka. Wiki chache baadaye alikabiliana na Khrushchev wa Urusi mjini Vienna akiwa na maumivu. Kufikia katikati ya mwaka huo alikuwa akichomwa mara mbili au tatu kwa siku. Pembeni alikuwepo pia Max Jacobson wa New York, aliyewachoma watu mashuhuri mchanganyiko wenye dawa za kusisimua mwili, na rais alikuwa mmoja wao. Jacobson alinyang'anywa leseni mwaka 1975.

Daktari mwingine wa Ikulu, George Burkley wa jeshi la majini, aliona misuli ya rais inadhoofika kwa kuchomwa na kufungwa mikanda, na kwamba wakiendelea hivyo hatatembea. Pamoja na daktari wa tezi, Eugene Cohen, wakashinikiza aitwe Hans Kraus, mpanda milima mzaliwa wa Trieste aliyebobea katika mazoezi ya mgongo. Kraus alikataa kuchanganya tiba yake na za Travell. Kuanzia Oktoba 1961 akamfanyisha rais mazoezi mara tatu kwa wiki, kando ya bwawa la kuogelea la Ikulu: kunyoosha, kukaza tumbo, kuinua mguu mmoja, kisha mwingine. Hakuna maajabu ndani yake. Kufikia 1962 Kennedy alikuwa na nafuu ambayo hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

Msikilizaji mwenye mgongo atauliza, je, mimi niache sindano na kisu? Hapana. Tiba za leo si zile. Sindano inayotolewa sasa kwa diski iliyotokeza mara nyingi huwa na dawa ya kupunguza uvimbe, na huwekwa karibu na mshipa uliobanwa, mtaalamu akitazama kwa picha. Inaweza kumpa mtu wiki au miezi ya nafuu ili aweze kufanya mazoezi, ingawa diski yenyewe hairudishi mahali pake. Mwenye kisukari amweleze daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo hupandisha sukari. Upasuaji wa pili nao husaidia zaidi pale kipimo cha MRI kinapoonyesha diski imetokeza tena na kubana mshipa, na maumivu yanashuka mguuni kufuata mshipa huo huo. Kama maumivu ni ya kiunoni tu, au kuna kovu la upasuaji wa kwanza, matumaini huwa madogo zaidi. Kwa hiyo muulize daktari: mara ya kwanza mlikuta nini, na sasa mnakwenda kurekebisha kitu gani hasa? Kennedy alihitaji jibu la swali hilo tangu 1944.

Jambo moja halisubiri kuchagua: mkojo au choo kikianza kukushinda, ukipata ganzi kwenye sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kennedy hakupata muda wa kuona mazoezi ya Kraus yangemfikisha wapi. Tarehe 22 Novemba 1963, mjini Dallas, alipanda gari la wazi akiwa amevaa mkanda mgumu kiunoni, na juu yake bendeji ndefu iliyozungushwa hadi mapajani. Risasi ya kwanza ilipompata, hakuinama. Wapo madaktari walioandika baadaye kwamba mkanda ule ndio uliomshikilia wima hadi risasi nyingine ikamfikia kichwani, na wapo wasiokubaliana nao. Alikuwa na miaka 46.