Erle Stanley Gardner: wakili aliyemkalisha msomaji mahakamani

Erle Stanley Gardner alizaliwa tarehe 17 Julai 1889 katika mji wa Malden, jimbo la Massachusetts, Marekani, akakulia California. Alikwenda kusoma sheria Valparaiso, Indiana, lakini hakudumu huko: mchezo wa ngumi ulimponza. Akajifunza sheria katika ofisi za mawakili, na mwaka 1911 akakubaliwa kuwa wakili.

Alifanya kazi katika mji mdogo wa Oxnard. Wateja wake wengi walikuwa Wachina, watu waliodharauliwa na waliokosa watetezi. Inasimuliwa kwamba polisi walipotaka kuwakamata Wachina waliouza tiketi za bahati nasibu, Gardner aliwaambia wenye maduka wabadilishane nafasi. Polisi wakafuata maduka, si sura, wakakamata wasiohusika. Kisa hicho kinabeba kiini cha riwaya zake: shahidi akisema ana hakika, hakika hiyo ameitoa wapi?

Usiku aliandika hadithi kwa magazeti ya bei ndogo, yaliyomlipa mwandishi kwa kuhesabu maneno. Mwaka 1933 ilitoka The Case of the Velvet Claws, riwaya ya kwanza ya wakili Perry Mason. Kwa jumla, Gardner aliandika riwaya za Mason zaidi ya 80. Nyingi hakuziandika kwa mkono. Alizisema kwa sauti, makatibu wakazipiga chapa. Labda ndiyo maana mazungumzo yake yanakwenda kasi.

Wasomaji walipenda nini humo? Jibu la haraka ni kwamba walitaka kumjua muuaji. Lakini kurasa zinazosisimua zaidi ni zile za maswali. Sisi wanafunzi wa isimu tunafundishwa kwamba swali hubeba dhanio, yaani jambo linalochukuliwa kuwa kweli bila kutajwa. Mason huliwinda dhanio hilo. Shahidi amesema alimwona mshtakiwa. Mason huuliza juu ya mwanga, saa, koti, hadi kumwona kunageuka kuwa kudhani. Tena, mara nyingi Gardner huweka mambo haya katika usikilizaji wa awali, mbele ya hakimu peke yake, bila raia walioteuliwa kuamua kesi. Kiti chao kinabaki wazi, na msomaji ndiye anayekikalia.

Katika vitabu hivyo, mteja wa Mason huokoka. Gardner alijua kwamba gerezani mambo ni mengine. Mwaka 1948, akishirikiana na gazeti la Argosy, alianzisha Court of Last Resort. Daktari, mpelelezi na wataalamu wengine walichunguza upya kesi za wafungwa waliodhaniwa kuwa hawana hatia. Aliitolea kazi hiyo muda mwingi, muda ambao angeweza kuutumia kuandika riwaya zaidi na kujipatia fedha.

Toka 1957 hadi 1966 Mason alionekana katika televisheni, na katika kipindi cha mwisho Gardner mwenyewe aliigiza hakimu. Alifariki tarehe 11 Machi 1970 huko Temecula, California.

Tunaziita riwaya hizi burudani, na ni kweli. Lakini chini ya burudani hiyo ipo hofu ya haki: kwamba mtu anaweza kufungwa, au kunyongwa, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali la pili.